Kabla hujaajiri walinzi wa mtaa, shughulikia choo cha jirani

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Kikundi chao cha ulinzi shirikishi kilianza kwa kishindo: walinzi sita, filimbi, tochi, kila kaya shilingi 3,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu posho ikachelewa, wa nne walinzi hawakuonekana, na sasa mwenyekiti akisimama kwenye mkutano watu wanaguna. Anauliza wafanye nini ili wananchi walipe.

Ndugu yangu, hilo si swali la kuanzia. Usiku wa mlinzi mzuri hauna tukio, na usiku usio na tukio haumshawishi mtu aliyekuwa amelala atoe elfu tatu. Ila choo kinachotapishwa mvua ikinyesha anakinusa. Baa inayodunda besi hadi saa tisa usiku anaisikia akiwa kitandani, na pagala la kona ile binti yake analipita kila siku akitoka tuisheni. Mkimtatulia moja kati ya hayo, na akaona kwamba limetatuliwa, hamtamkimbiza na daftari. Kero kwanza, walinzi baadaye. Mitaa mingi inakwenda kinyumenyume halafu inalaumu wananchi kuwa wagumu.

Kazi ya kwanza ni kuutembea mtaa, mara mbili: mchana, na tena kati ya saa moja na saa tatu usiku. Watu kumi wanatosha, lakini wasiwe wazee kumi wa kamati. Weka mama ntilie, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha hapo, mpangaji, mwanafunzi wa sekondari, mtu mwenye ulemavu kama yupo. Mama ntilie anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni anajua kona ambayo mwenyekiti hajawahi kuipita gizani. Chora ramani ya mkono kwenye karatasi kubwa, kila mtu aweke alama panapomtisha au kumkera. Mwisho chagueni kero tatu tu: moja ya kumalizwa ndani ya wiki mbili, moja ya miezi miwili, moja ngumu. Mkiandika kumi na tano hamtamaliza hata moja, na mkutano ujao watu watakuja kuhesabu mlizoshindwa.

Ya wiki mbili mara nyingi huwa ni giza. Hapa msisubiri taa za barabarani. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku hula takriban uniti 3.2 kwa mwezi. Kwa bei ya Sh 356 kwa uniti, haifiki Sh 1,200. Ombeni nyumba kumi zinazotazama njia ziweke kila moja taa ya nje, futi nane au zaidi kutoka chini, ikimulika chini na kuelekea njiani. Taa iliyofungwa kwa usawa wa macho inampofusha mpita njia na kumficha mtu aliyesimama nyuma yake, bora giza. Kama nyumba ina wapangaji wanaochangia luku moja, malizaneni mapema nani analipa, kwa sababu taa hiyo ndiyo itakayozimwa siku wakigombana.

Pagala na kiwanja chenye kichaka vina kosa lake la kawaida: vijana wenye hasira wanavamia, wanafyeka au kubomoa, mwenye mali anatokea na kufungua kesi. Mtendaji wa mtaa amtafute mmiliki, kwa majirani au kwa idara ya ardhi ya halmashauri, na amwandikie barua yenye siku za kutekeleza. Akiwa mbali, ombeni ridhaa yake ya maandishi ili mtaa ufyeke, au uzibe milango na madirisha kwa tofali. Nakala ibaki ofisini.

Sasa choo. Kila mtu wa mjini anajua kinachofanyika mvua kubwa ikianza: mtu anafungua kifuniko, maji taka yanaingia kwenye mfereji, kesho yake watoto wanachezea. Kumfokea mpangaji hakusaidii, shimo ni la mwenye nyumba na yeye huenda anaishi wilaya nyingine. Pateni namba yake. Kisha mshirikisheni afisa afya wa kata, maana yeye ndiye mwenye uwezo wa kukagua na kutoa notisi. Kamati ya mtaa haina mamlaka hiyo. Kinachofanya kazi kuliko notisi ni kupanga gari la kunyonya maji taka lije siku moja kwa nyumba tano au sita zilizo jirani, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Dereva anapunguza bei akijua hatarudi tupu, na mwenye shimo anakosa kisingizio. Kwenye njia nyembamba pimeni kwanza umbali kutoka gari linapoweza kusimama hadi shimoni. Mpira usipofika, mtakuwa mmelipia safari bure.

Kelele ndiyo kero ngumu, na ndiyo inayovunja vikundi, kwa sababu mwenye baa mara nyingi ni mchangiaji mkubwa na rafiki wa mtu fulani kwenye kamati. Msianze na malalamiko. Anzeni na kumbukumbu: siku 14 mfululizo, tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, nyumba iliyosikia, na kama madirisha yalitikisika. Programu ya simu ya kupima sauti inafaa kulinganisha jana na leo. Haifai kuwa ushahidi, kipaza sauti cha simu hakijathibitishwa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo watu watatu, wasiozidi, wakiwa na mtendaji, wamtembelee mwenye baa mchana, kabla wateja hawajafika. Mwombeni mambo mahususi: spika zigeuzwe zisitazame nyumba, spika ya besi inyanyuliwe kutoka kwenye sakafu na kuwekewa raba chini, besi ipunguzwe, na muda wa kuzima uandikwe. “Punguza sauti kidogo” si ombi. Atapunguza mlio wa juu, na besi, ambayo ndiyo inayopenya ukuta, itabaki palepale.

Akikataa, daftari la siku 14 pamoja na muhtasari wa kikao viende kwa afisa mazingira wa halmashauri, na nakala kwa ofisi inayotoa leseni za vileo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kanuni za kelele za mwaka 2015, kwa hiyo hamuombi hisani. Hesabuni pia lini leseni ya baa inahuishwa, maana pingamizi lililofika kabla ya tarehe hiyo linasomwa. Kigodoro, yaani sherehe ya muziki wa kukesha mtaani, cha usiku mmoja ni jambo jingine: ulizeni kibali mapema, polisi wajulishwe mchana. Kwenda kuzima muziki saa saba usiku katikati ya watu waliolewa ni kutafuta majeruhi.

Mkishafika hapo, mitaani watu watakuwa na cha kuonyesha. Sasa ndipo mzungumzie walinzi na pesa.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyoua kikundi cha msomaji wangu, hata kabla hakijaanza. Tuseme kaya ni 120 kwa Sh 3,000, jumla 360,000. Walinzi sita kwa 60,000, jumla 360,000. Hesabu imetimia kwenye karatasi na imekufa siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna mtaa unaolipa asilimia mia. Pangeni kwa asilimia 60: kaya 72, yaani 216,000. Walinzi watatu wanaopokezana, wawili kila usiku, kila mmoja zamu 20 kwa mwezi, ni 180,000. Zinabaki 36,000 za betri, daftari, vocha na koti la mvua. Mwezi ambao makusanyo yanazidi, ziada ni akiba ya posho ya mwezi unaofuata. Msiongeze mlinzi kwa ajili ya mwezi mmoja mzuri.

Pesa zisiingie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa shekhe au mchungaji. Tumieni akaunti ya kikundi inayohitaji watu zaidi ya mmoja kuidhinisha. Stakabadhi ziwe na namba mfululizo. Kila tarehe 5 bandikeni ukutani: kilichokusanywa, kilichotumika, kilichobaki. Orodha ya wasiolipa msibandike. Mjane asiye na kitu na mwenye nyumba bahili wataonekana sawa, na wote hawatarudi. Na msimlipe mlinzi kwa kila mtu anayemkamata. Mkifanya hivyo atakamata, na mtashangaa mtaa wenu ulikuwa na wezi wengi kiasi gani.

Majina ya walinzi yapitishwe na mkutano wa wananchi, yaandikwe kwenye muhtasari, kisha yapelekwe kwa mkaguzi wa polisi wa kata na kwa mkuu wa kituo. Mlinzi asiyejulikana na polisi, akikutana na doria saa nane usiku akiwa na rungu, naye ni mtuhumiwa. Awe na kitambulisho chenye picha na kizibao kinachoakisi mwanga. Panga, mishale na kamba za kufungia watu viachwe nyumbani. Zamu ya saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, daima wawili wawili, njia ibadilishwe kila siku. Filimbi ziwe na maana moja inayojulikana na wote: mlio mrefu ni msaada, mifupi mitatu ni moto, na kwa moto mtu mmoja anapiga 114 papo hapo wakati wengine wanachota maji. Dharura ya polisi ni 112. Kaunta buku iandikwe saa, mahali, kilichoonekana, hatua iliyochukuliwa na sahihi mbili.

Kukamata kuna mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake katika mazingira fulani, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi kupiga, kuvua nguo, kutoza faini wala kumfungia ofisi ya mtaa hadi asubuhi. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezi, walioibuka miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walitambuliwa kisheria mwaka 1989. Sifa yao ilikuwa kubwa, na vipigo vyao pia vilikuwa vikubwa. Wewe unayeongoza kikundi, mtuhumiwa akifia mikononi mwa walinzi wako, “wananchi wenye hasira kali” hawatatafutwa. Utatafutwa wewe mwenye orodha.

Lipo na lalamiko la “tunamkamata, kesho yuko mtaani.” Kwa makosa mengi dhamana ni haki yake, na kituoni haiuzwi. Kinachoua kesi ni mlalamikaji kutorudi kuandika maelezo na shahidi kutofika mahakamani. Chukueni namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, iandikwe kwenye kaunta buku, na mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kufuatilia tarehe na kumpatia shahidi nauli. Hiyo ni matumizi bora ya 36,000 ile kuliko tochi ya tatu.

Kundi la WhatsApp liwe mawili: la matangazo, ambako viongozi tu wanaandika, na la mazungumzo. Msirushe picha ya mtu mkimwita mwizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zipo, na kijana aliyechafuliwa jina hana tena sababu ya kuwasaidia. Wasio na simu janja wana ubao wa ofisi ya mtaa, msikiti na kanisa.

Jambo la mwisho linawaudhi wengine lakini nitalisema. Mabalozi wa nyumba kumi ni viongozi wa chama tawala, CCM, na wamekuwa hivyo wazi tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Wanawajua watu, waalikeni kama wakazi. Msitumie orodha zao kukusanya mchango wala kuteua walinzi, kwa sababu nusu ya mtaa itauona ulinzi kama tawi la chama na itafunga mlango. Tumieni daftari la wakazi la ofisi ya mtaa. Wapangaji pia waandikwe humo, mikutano iwe Jumapili saa kumi jioni na isizidi muda wa saa moja, na ajenda ya kwanza iwe kero tatu za kikao kilichopita: ipi imekwisha, ipi imekwama, imekwama kwa nani.