Siku ya Walimu kule Pune: usiruke nyuma kama mimi

Mleta mada anasema anakwenda Pune, India, kujitolea kufundisha Kiingereza. Ameambiwa tarehe 5 Septemba shule ina sherehe ya Siku ya Walimu na yeye atapandishwa jukwaani. Anauliza avae nini, abebe zawadi gani, na kama kuna kitu anaweza kuharibu. Naanza na hilo la mwisho: kipo, na mimi nilikiharibu.

Nilisoma digrii yangu Pune. Kwa mwaka na ushee nilikuwa naenda kila Jumamosi kwenye shule moja ya Kimarathi, lugha ya huko, pembeni ya mji kufundisha Kiingereza cha kuongea. Nauli yangu, chai yao.

Kwanza jiandae na majina, maana utacheka mahali pasipofaa. Kwa Kimarathi, dada ni kaka mkubwa. Kaka ni baba mdogo. Mama ni mjomba. Basi mimi na ndevu zangu nikawa "dada", mlinzi wa getini "kaka", na mzee wa kupiga kengele, masharubu hadi mashavuni, watoto wanamkimbilia "Mama! Mama!" Nilichukua wiki mbili kuzoea.

Siku yenyewe ni ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwalimu wa falsafa aliyekuja kuwa rais wa India mwaka 1962. Lakini Pune utaona pembeni picha ya mwanamke: Savitribai Phule. Yeye na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana hapo hapo mjini mwaka 1848, na watu walikuwa wanamrushia matope na kinyesi cha ng'ombe akienda kufundisha, hadi akawa anabeba sari ya kubadili. Walimu wa kike pale shuleni wanamtaja kama vile walimwona jana. Ukijua habari zake kidogo tu, utapendwa.

Asubuhi wanafunzi wakubwa ndio wanakuwa walimu. Mabinti wa darasa la kumi wanakuja na sari za mama zao, pini kila mahali, wanatembea kwa tahadhari kama wamebeba ndoo kichwani. Walimu halisi wanakaa kwenye madawati. Aliyepewa kuniigiza mimi alikuwa kijana mwembamba hivi, akaingia darasani na begi begani, akaandika neno moja ubaoni, akageuka: "Sawa?" Darasa zima: "Sawaaa!" Akaandika la pili: "Sawa?" Ndipo nikajua kwamba miezi yote ile nilikuwa namalizia kila sentensi hivyo. Wale watoto walidhani ni Kiingereza.

Halafu jukwaani. Kuna taa ya shaba ya mafuta inawashwa mbele ya picha ya Saraswati, mungu wao wa elimu. Mimi ni Muislamu, nikamweleza mwalimu mkuu siku mbili kabla kwamba sitawasha wala kuweka maua. Akasema hamna neno, nikasimama tu kwa heshima. Muhimu ni kusema mapema, usigome pale pale mbele ya watu. Baadaye mgeni anafungwa kilemba, wanakiita pheta, anavikwa shali na kupewa nazi nzima mkononi. Ni heshima kubwa. (Ile nazi tuliikwangua kwa kijiko hosteli, mbuzi tungeipata wapi, tukala wali na Mkenya mmoja aliyelia machozi kabisa.)

Sasa kosa langu. Baada ya shali, watoto walipanga foleni wakiwa na maua ya waridi na kadi za kuchora wenyewe. Wa kwanza, binti wa kama miaka kumi, akanipa ua, kisha akainama akanigusa miguu. Nikaruka nyuma. Madrasa yote niliyosoma Tanga ilinijia kichwani: mtu hainamii mtu. Binti akabaki ameinama, mkono uko hewani, wenzake wakaanza kucheka, akakimbia kushuka ngazi.

Mwalimu mmoja mama mtu mzima akanisogelea akaniuliza taratibu, kwenu mtoto akimwona mkubwa anafanya nini? Nikamwambia anasema shikamoo. Maana yake nini? Nikafungua mdomo nikakwama. Tunaambiwa ni "nashika miguu yako". Mtoto alikuwa anafanya kwa mkono kile ambacho mimi nimekisema kwa mdomo tangu nikiwa mdogo, na naitikia marahaba kila siku bila kuruka popote.

Kwa hiyo unachofanya ni hiki: simama, weka mkono wa kulia kichwani pake au begani, sema neno lolote jema. Wa pili nilimwitikia "marahaba" kabisa. Yule binti nilimfuata darasani mchana, hakunitazama hadi Jumamosi ya pili.

Jambo jingine, watakukalisha kiti cha katikati kwa sababu tu wewe ni mgeni, na mwalimu wa hesabu aliyefundisha pale miaka ishirini atakaa pembeni. Omba mbadilishane. Watakataa mara mbili, omba ya tatu.

Zawadi: kalamu zinatosha, na peremende za watoto. Mavazi: nunua kurta, lile shati refu la Kihindi, barabara ya Laxmi, usivae suti. Chakula utakiweza. Vada pav ni kachori yetu imebanwa ndani ya mkate, na ladu mtu wa pwani unaijua. Ubaguzi upo pia, ila nitauandikia uzi wake.

Na Septemba mvua bado zinanyesha, uwanja ni tope, viatu vinavuliwa kabla ya kupanda jukwaani. Soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu, dole gumba lote liko nje, na ndio mguu alioinamia yule binti. Nunua soksi mpya.