Spinachi yangu imetoa maua kabla sijavuna: nipulizie busta gani?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Niko Arusha, nina vituta vitatu nyuma ya nyumba. Katikati ya Januari nilipanda pakiti ya mbegu za spinachi aina ya Bloomsdale, jirani yangu akapanda za aina ya Fordhook Giant wiki hiyohiyo. Yake anachuma mpaka leo. Yangu ilitoa majani matano sita kila mche, kisha mwanzoni mwa Machi ikachomoza mashina ya maua. Dukani wameniambia mimea haina nguvu, wakaniuzia chupa ya busta, ile ya kuchochea ukuaji, nipulizie kila wiki, na urea kijiko kimoja kila shina. Nimepulizia mara tatu na mashina yanazidi kurefuka. Je, ardhi yangu ina ugonjwa? Na spinachi hasa hupandwa lini?

Jibu: Marahaba, mama. Ardhi yako ni nzima. Mimea yako ilipigwa na joto, basi. Nakuomba usipulizie tena hata tone la chupa hiyo. Nitaeleza kwa urefu, maana kila kiangazi naletewa swali hili hili, na karibu kila anayelileta ameshauziwa chupa kabla ya kunifikia.

Tuanze na jina, ndiko kosa linakoanzia. Jirani yako hakupanda spinachi. Fordhook Giant, ile yenye majani mapana na mshipa mweupe mnene, ambayo mafungu yake yamejaa Soko la Kilombero, ni spishi moja na bitiruti. Tofauti ni kwamba hii ilichaguliwa kwa ajili ya majani. Spinachi halisi, kama hiyo Bloomsdale yako, ni mmea mwingine wenye asili ya Uajemi, majani laini, maisha mafupi. Na mchicha wetu, ambao wengi wakiandika Kiingereza huuita spinachi, ni mmea wa tatu, na huo joto la Dar es Salaam ndilo chakula chake. Mimea mitatu, jina moja. Mbegu zenyewe hazifichi: ya Fordhook ni kibonge kigumu chenye mbegu kadhaa ndani, ndiyo maana unafukia moja unaona miche miwili au mitatu imebanana. Ya spinachi halisi ni punje moja, ndogo, ya mviringo au yenye miiba.

Kwa hiyo ulipolinganisha kituta chako na cha jirani, ulikuwa unalinganisha mbuzi na kondoo. Fordhook huishi miaka miwili kwa tabia yake, na kwa kawaida hutoa maua baada ya kupitia wiki nyingi za baridi. Arusha haipati baridi ya kutosha kuisumbua, hivyo mtu akichuma majani ya nje na kuacha moyo, anakula miezi mingi. Huko Njombe na Makete, au Limuru kwa wenzetu wa Kenya, miche yake ikikutwa changa na baridi ya Juni na Julai huweza kuchomoza maua, na hapo ndipo wakulima wa huko nao huuziwa chupa.

Spinachi halisi ni kinyume chake. Inaharakishwa na mchana mrefu na joto. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mchana mrefu si shida yetu. Kinachobaki ni joto, na Januari hadi Machi mwanzoni ndiyo miezi ya joto Arusha. Mche ukiona joto, na pengine kiu na kubanana juu yake, kile kichwa kilichokuwa kinazaa majani hugeuka kuzaa shina la maua. Dalili unaiona mapema: majani mapya huacha kuwa ya mviringo, yanachongoka kama kichwa cha mshale. Pia utakuwa umeona mimea mingine ilitangulia. Spinachi ina mimea dume na jike, na dume hukimbilia maua kwanza.

Kichwa kikishageuka, hakirudi. Hakuna busta, urea wala samadi inayokirudisha. Hapa ndipo ninapokasirika, mama, maana anayeuza chupa ama hajui ama anajua. Busta nyingi ni mbolea ileile iliyoyeyushwa, zenye faida pale tu mmea unapopungukiwa na kirutubisho fulani. Lakini nyingine zina jiberelini, kichocheo cha kurefusha mimea. Sasa sikiliza: jiberelini ndiyo hasa ambayo spinachi yenyewe huitumia ndani ya mwili wake kuinua shina la maua. Siwezi kuijua chupa yako bila kuona lebo, lakini kama imo, basi ulikuwa unalipa pesa kuusukuma mmea kule unakokwenda. Urea nayo ina naitrojeni asilimia 46. Kijiko kizima kwenye mmea wa urefu wa kiganja huunguza mizizi, na kisipoiunguza, mboga za majani hulimbikiza naitreti unayokuja kuila.

Kuhusu kupanda: spinachi halisi hapa Arusha iwekwe ardhini kuanzia katikati ya Mei, mvua kubwa zikianza kulegea, hadi mwisho wa Juni, ili ikue ndani ya baridi ya Juni mpaka Agosti. Aprili miche huoza shingo. Usifuate kalenda ya nyuma ya pakiti ikiwa imechapishwa Ulaya. Machi yao wanatoka kwenye baridi, Machi yetu tunatoka kwenye joto. Loweka mbegu usiku mmoja, fukia sentimita moja na nusu, punguza miche ibaki umbali wa sentimita 10 hadi 15. Panda kidogokidogo kila wiki mbili, maana ikifika siku 40 hadi 50 unavuna na inaisha. Haingoji kama Fordhook. Kwa miezi mingine yote panda Fordhook, sentimita 30 kati ya mche na mche, au mchicha.

Hiyo iliyochomoza maua ing'oe yote, weka kwenye mboji. Majani yaliyobaki usiyale mpaka ujue ulipulizia nini. Kama chupa haina lebo, usiyale kabisa.

Na hili nawaambia wote wenye vituta nyuma ya nyumba. Duka la pembejeo linalomimina dawa kwenye chupa ya maji na kukuandikia kipimo mkononi, ondoka. Chupa halali ina jina la kilichomo, kipimo, na kama ni kiuatilifu, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nimeona mboga ikipuliziwa jioni na kuchumwa alfajiri kwa sababu mnunuzi aliambiwa ni "vitamini tu". Kwa nyanya bado unaweza kuosha ganda. Jani la mboga lenyewe ndilo lililopuliziwa, na ndilo linaloingia sufuriani. Mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa nazo ziacheni, hujui ni ya mwaka gani wala ni mmea upi kati ya ile mitatu. Na mmea ukiumwa, leta jani lenyewe na mzizi wake kwa afisa ugani wa kata kabla ya kwenda dukani. Kumwonyesha ni bure.