Re: Dada wa kazi wa tatu kaondoka, nani atamwangalia mama?

Pole sana mkuu, mzazi kupooza hakuzoeleki. Umeandika mama ana miezi mitano tangu stroke, upande wa kulia hauna nguvu, na huyu ni dada wa tatu anaondoka bila kuaga, unauliza mwaminifu anapatikana wapi. Hutapenda ninachosema ila mi sioni kama shida yako ni uaminifu.

Nipo Houston, nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Huku kazi hii ina shule yake, sheria yao ya mwaka 1987 inataka usome masaa yasiyopungua 75 na ufaulu mtihani, halafu kila mwaka unaongezewa masaa 12. Na nilisoma hayo yote lakini wiki ya kwanza tu nikamvalisha babu mmoja shati nikaanzia mkono mzima, nilipofika kwenye uliopooza nikauvuta uingie kwenye nguo, yule babu hakusema neno, machozi yakamtoka tu. Nesi akanisogeza pembeni, kuvalisha unaanza mkono mgonjwa, kuvua unaanza mzima, basi.

Wewe ulimpa binti masaa mangapi? Ulimwonyesha jiko, pampasi ziko kabati gani, ukawahi daladala.

Sikucheki, mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Bibi yangu Muheza alivunjika nyonga, tukamtafutia binti, hela natuma kila mwezi, siku naambiwa bibi ana kidonda juu ya makalio na kinanuka. Nikampigia binti nikafoka maneno ambayo hata leo yananiuma. Nilipoenda likizo nikalala chumba cha pili usiku mmoja nikawa nahesabu, bibi kamuita mara tisa, mara maji, mara haja ndogo, mara anamuulizia babu aliyefariki siku nyingi. Alfajiri binti yuko nje anafua mashuka kwa mkono, mchana apike, na nyumba nzima wanatembea zao maana "dada yupo". Nikamuuliza kwa nini humgeuzi, akajibu akimgeuza bibi analia nyonga, kwa hiyo alimwacha alale chali apumzike. Yaani kidonda kile kilitokana na huruma jamani! Hakuna aliyemwambia mtu wa kitandani anageuzwa kila masaa mawili.

Kwa hiyo nikakaa naye siku nne, kwa mikono sio kwa simu. Khanga nene unaikunja, unaipitisha chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mnashika huku na huku mnanyanyua, msimburute, ngozi ya mzee inachubuka kama karatasi. Mto katikati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kula ni kukaa wima, kijiko kidogo, upande mzima wa mdomo, umwangalie kama kuna chakula kimebaki shavuni, na asilale hadi nusu saa ipite. Nilimlaza binti mwenyewe kitandani nikamlisha uji akiwa amelala, akapaliwa, hapo ndio akaelewa kuliko maelezo yote. Mama akipaliwa hata kwa maji usimwachie dada hilo, mpeleke kwa daktari.

Aliyeshauri hapo juu umpeleke makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, ndugu yangu yale ni ya wazee wasio na mtu.

Lakini kilichombakiza yule binti Muheza sio khanga, ni usingizi. Binamu yangu alipangiwa usiku mara tatu kwa wiki, akanuna, akazoea, na Jumapili binti anaondoka asubuhi anarudi jioni hakuna wa kumpigia simu. Alikaa hadi bibi anafariki. Na kufua mashuka akawekwa mtu mwingine, elfu kadhaa tu kwa wiki, nashangaa hatukufikiria mapema.

Umesema mko ndugu wanne hapo hapo Dar. Kabla hujatafuta dada wa nne, leo usiku analala nani na mama?