Fizikia haimo kwenye kitabu ulichotumiwa

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa Tabora, aliyewahi kufundisha chuoni.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Ujiji kwa bibi. Matokeo yangu ni Kiswahili B, Baiolojia C, Kiingereza C, Kemia D, Jiografia D, Fizikia F na Hisabati F. Nataka uuguzi, sina kingine ninachokitaka. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Marekani. Amenitumia kwenye simu kitabu cha mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, unaitwa TEAS, na sura za moyo na mapafu nimeshazimaliza. Halafu kuna kaka mmoja hapa mjini anasema chuo kina mtihani wa kujiunga, nimpe laki moja aniandikishe na anipe maswali. Bibi anataka kuuza madumu yake ya mawese apate hiyo hela. Nijiandae vipi? (Z., Ujiji)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo kaka ili tumalizane naye: usimpe hata mia. Udahili wa cheti na diploma ya uuguzi huku Bara unapitia mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kinachotazamwa ni matokeo ya kidato cha nne. Mtihani wako wa kuingia chuo ndio ule ule wa Novemba. Bibi akiuza mawese, hela iende kwenye ada ya kurisiti, yaani kurudia mtihani, na kwa mwalimu wa twisheni.

Sharti la diploma ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu, lakini F ya Hisabati peke yake haikufungii mlango. Inayokufungia ni ya Fizikia.

Sasa njoo kwenye kitabu cha dada yako. TEAS ni mtihani wa kweli, vyuo vingi vya uuguzi Marekani vinautumia: maswali 170 kwa dakika 209, yaani kusoma na kuelewa, hesabu, sayansi na lugha ya Kiingereza. Sehemu ya sayansi ina mwili wa binadamu, baiolojia, kemia na namna ya kufikiri kisayansi. Fizikia haina sehemu yake humo. Kwa hiyo unajisomea moyo na mapafu, mambo ambayo chuoni utafundishwa upya hata hivyo, na somo linalokukwamisha halijaguswa. Kitabu usikifute, nitakuambia cha kufanya nacho.

D inaanzia alama 30 na C inaanzia 45. Wewe lenga 45, maana nafasi zinagombaniwa na wenye D ni wengi. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea miezi ya mwanzo ya mwaka, usingoje mpaka watu waanze kukimbizana na faini. Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kuna mitihani iliyopita na kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ni bure. Hizo taarifa watu hawazisomi, sijui kwa nini! Zinakuonyesha swali, wangapi walilikosa, na hata kurasa za majibu mabovu na mazuri zimepigwa picha. Soma moja mpaka uione F yako ilitokea wapi. Kwa wanafunzi niliowafundisha, mara nyingi tatizo lilikuwa Kiingereza cha swali: anajua kanuni, hajui ameulizwa nini.

Anza na presha, mashine rahisi, mwendo, joto na umeme. Mada za elektroniki ziache mwishoni. Presha usiikariri tu, maana utaishi nayo wodini. Dripu inatundikwa juu kwa sababu presha ya kimiminika inategemea kimo, ujazito wake (density) na mvutano wa dunia. Ukiishusha chini ya mkono wa mgonjwa, damu inarudi kwenye mpira. Chombo cha kutakasia vifaa kinafika nyuzi 121 kwa sababu presha ikipanda, maji yanachemka kwenye nyuzi za juu zaidi. Ukiona swali la namna hiyo kwenye karatasi, mfikirie mgonjwa, kanuni itakuja yenyewe.

Baiolojia na Kemia unazo. Ukiwa na nguvu, risiti na Kemia uipandishe, lakini usibebe masomo matano kwa mpigo. Wakati wa kuchagua vyuo, mkoani kwenu kuna Kabanga kule Kasulu, na huku kwetu kuna Nkinga, Igunga. Angalia ada kabla ya kupenda jina.

Kitabu cha dada yako fungua sehemu ya hesabu: uwiano, asilimia, kubadili vipimo. Hizo ndizo hesabu za dawa, na nimeona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakilia kwa ajili yake. Jipime na hii: mgonjwa apewe lita 1 ya maji kwa saa 8, mpira unatoa matone 20 kwa kila mililita moja. Matone mangapi kwa dakika? Ukipata 42 baada ya kukadiria, hesabu si adui yako kama ile F inavyodai. Ukikosa, niandikie na hatua zako zote, si jibu peke yake.