Maswali ya Wasomaji: Udaktari wa Ng'ambo na Leseni ya Nyumbani

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ahero. Mwanangu alipata B+ katika mtihani wa KCSE na akakosa nafasi ya udaktari katika vyuo vya umma. Wakala mmoja mjini Kisumu ametuletea barua ya chuo kikuu cha Uchina, ambayo nakala yake nimeiambatisha, naye anadai Sh150,000 za kuhifadhi nafasi kabla ya siku 10 kupita. Baba yake yuko tayari kuuza kipande cha shamba la mpunga. Je, tulipe? Na akirudi, shahada hiyo itakubaliwa hapa kwetu?
Mama wa mtahiniwa, Ahero

JIBU: Mama, nakusihi msilipe na shamba lisiuzwe kwa sasa. Nimeisoma nakala uliyoituma mara mbili. Karatasi inapendeza na muhuri mwekundu umekolea, lakini akaunti iliyoandikwa chini ni ya mtu binafsi katika benki ya hapa Kenya, na mahali pa kutaja lugha ya kufundishia pameachwa wazi. Mambo hayo mawili yananitosha kuwaomba mngoje.

Swali lako la mwisho ndilo lililostahili kutangulia. Anayetoa leseni ya kutibu nchini ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kwa mujibu wa Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, na aliyesomea nje ya Afrika Mashariki hufanya kwanza mtihani wa Baraza, kisha akifaulu hutumikia uanagenzi wa miezi 12 hospitalini. Mpwa wangu alirudi na shahada yake akakaa kwao Siaya miaka miwili akiurudia mtihani huo. Chuo alichosomea sitakitaja, ila aliniambia kwamba wanafunzi wa kigeni walisimama nyuma ya kitanda cha mgonjwa bila kuelewa neno analolisema, hata akamaliza masomo bila kumuuliza mgonjwa hata mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho, maradhi yake yalianzaje. Vitabu alivijua. Ndiyo maana nimelishikilia suala la lugha katika barua yenu.

Sisemi kwamba Uchina haina vyuo vizuri. Wizara ya Elimu ya nchi hiyo hutoa orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, na masomo huchukua miaka 6, ukiwamo mwaka wa mazoezi ya hospitali. Lakini mhadhara ukiwa wa Kiingereza, mgonjwa bado ni wa Kichina, kwa hiyo kijana anayekwenda huko hana budi kujifunza lugha hiyo tangu mwaka wa kwanza. Aidha, anayejilipia karo hupewa barua ya udahili pamoja na fomu iitwayo JW202, ambayo hutakiwa anapoomba viza ya masomo ya X1. Muulizeni wakala fomu hiyo itatolewa lini na nani.

Kabla ya hapo, liandikieni Baraza mkitaja jina kamili la chuo na la programu, mkiuliza pia kama alama za mwanao katika masomo ya sayansi na lugha zinatosha, na msifanye lolote mpaka mpate jibu la maandishi. Kisha kitafuteni chuo katika orodha ya vyuo vya udaktari duniani inayosimamiwa kwa ushirikiano na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, ambayo husomwa bure intanetini. Chuo kisipokuwamo, mjue hapo pana tatizo. Kikiwamo, bado hiyo si ithibati, maana orodha yenyewe inasema hivyo. Mwisho, kiandikieni chuo kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, wala si ile ya kwenye barua ya wakala, mkiuliza kama jina la mwanenu wanalo.

Najua siku 10 zinawatia hofu. Wenzetu wa Uasin Gishu walilipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada uliopitia serikali yao ya kaunti, na mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa zao. Ikiwa hayo yaliwakuta watu waliopitia ofisi ya umma, akaunti ya mtu binafsi ni ya kuogopwa zaidi.

Na kwa nini mbali hivyo? Mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya eneo hili kwa pamoja. Makerere nchini Uganda imefundisha udaktari tangu 1924, na Chuo Kikuu cha Busitema kinaufundishia Mbale, mwendo wa saa chache kutoka Malaba. Mgonjwa wa Mbale anaugua malaria ileile inayowalaza watoto wa Ahero. Ulizieni pia Maseno na Uzima, hapo hapo Kisumu, kuhusu nafasi za wanaojilipia.

SWALI: Nataka kuomba udaktari Uingereza. Naomba unisomee rasimu ya maelezo yangu binafsi.
Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Mwanangu, maombi ya udaktari hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na hufungwa tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo, nawe huruhusiwi kuchagua zaidi ya vyuo vinne vya udaktari. Vingi hudai UCAT, mtihani wa kuwachuja waombaji wa udaktari, unaofanywa kabla ya hapo. KCSE peke yake kwa kawaida haitoshi, kwa hiyo uliza mapema kuhusu A-level, mitihani ya Uingereza ya kumaliza sekondari, au mwaka wa maandalizi, na uijadili karo na wazazi wako, maana ya mgeni huwa mara kadhaa ya ile ya mwenyeji.

Rasimu yako nimeisoma. Umeandika aya mbili kuhusu kuiokoa Afrika, kisha katika mstari mmoja wa mwisho ukagusia usiku ule umeme ulipokatika katika zahanati ya kijijini kwenu, ukamshikia mkunga tochi ya simu akimshona mama aliyejifungua, mkono ukakuuma nawe ukaogopa kuusogeza. Futa zile aya mbili. Anzia kwenye tochi, na ueleze mkunga alikuwa akimwambia nini yule mama muda wote huo.