Maswali ya Mafundi: Mita Moja, Valvu Mbili

SWALI: Natumia transiva (redio inayopokea na kutuma) ya Kenwood TS-520 kwenye redio ya ridhaa. Swichi ya mita ikiwa IP (mkondo wa valvu za mwisho), mkondo wa kutulia, yaani bila ishara yoyote, ni miliampia 60 kama kitabu kinavyoagiza. Hata hivyo, nikitoa nguvu kamili, bamba (anodi) la valvu moja ya mwisho linaiva wekundu na la pili halibadiliki. Nitajuaje kila moja inavuta kiasi gani?

JIBU: Mita ya IP haidanganyi, ila inajumlisha. Ukiona 60 inaweza kuwa 30 na 30, au 45 na 15. Dawa ni kuipa kila valvu rezista yake ya omu 1 (asilimia 1, wati 2) kwenye njia ya katodi, ncha inayotoa elektroni. Kwa omu 1, kila milivolti ni miliampia moja, huna haja ya kupiga hesabu.

Ndani ya redio hii mna takriban volti 800. Chomoa plagi ya umeme, subiri, kisha pima kofia za anodi kabla ya kuingiza kidole. Usiziamini rezista za zamani kwamba zimemaliza kutoa chaji.

Kwenye valvu za aina ya 6146, katodi hutoka pini 1, 4 na 6. Ziunganishe zote tatu, ondoa kiungo cha zamani kilichozishusha chini, kisha weka rezista mpya mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kila pini kati ya hizo tatu inataka kondensa yake ya seramiki ya nanofaradi 10 kwenda kwenye chasisi, miguu mifupi kabisa. Ukiweka moja tu, au ukiacha waya mrefu, valvu hupoteza nguvu au huanza kutetema (kuzalisha mawimbi) yenyewe, hasa bendi ya mita 10. Kondensa zilizokuwepo tangu kiwandani ziache.

Toa waya mmoja kila ncha ya rezista, kila waya ukipitia kilo-omu 1 papo hapo kwenye soketi ili mawimbi ya redio yasiivuruge multimita. Pima kati ya ncha hizo mbili, si kati ya katodi na chasisi, maana huenda chini yake kuna rezista ya asili ya mita.

Funga mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, acha redio ipate moto dakika 15, chagua USB (modi ya sauti ya ukanda wa juu), punguza maikrofoni hadi sifuri, kisha bonyeza kutuma. Rekebisha bayasi (volti hasi ya gridi inayodhibiti mkondo) hadi jumla iwe 60. Tofauti ya miliampia tatu nne isikusumbue. Ikiwa ni 42 kwa 18, zima, toa chaji tena, badilishana valvu. Mkondo mkubwa ukihama na valvu, valvu hazilingani. Ukibaki kwenye soketi, kagua pini chafu na rezista yako mpya. Mkondo unaopanda polepole bila kuguswa huashiria valvu iliyoingia gesi. Zote mbili zikipanda na bayasi isizishushe, shuku kondensa inayotoka kwenye valvu ya kuendesha, 12BY7A: ikivuja, huzipa gridi volti chanya.

Kumbuka mkondo wa katodi una wa skrini (gridi ya pili) ndani yake, kwa hiyo ule wa anodi ni pungufu kidogo. Na ukibadilisha valvu, fanya upya nutralizesheni, marekebisho ya kuzuia valvu isitetema yenyewe.

SWALI: Naweza kufunga mita ya mshale ya kudumu?

JIBU: Ndiyo. Mita ya miliampia 1 yenye koili ya omu 100 itafika mwisho kwenye miliampia 200 ukibadilisha zile kilo-omu kwa omu 47 kila waya. Itasoma asilimia 3 zaidi, jambo linalovumilika. Weka diodi mbili za 1N4007 zilizogeuziana sambamba na koili ili kuilinda. Swichi ya kuchagua valvu iwe ya nguzo mbili na ihamishe nyaya za mita tu. Usipitishe katodi ndani ya swichi: ikikatika wakati wa kutuma, katodi hupanda volti na kuweza kuvunja kinga kati yake na hita.