Yaliyo kwenye daftari la mwanafunzi

Nimefundisha lugha shule ya sekondari katika mji mdogo kwa miaka 19, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiandika hadithi. Walimu vijana wakijua kwamba naandika, swali lao la kwanza ni hilohilo: muda unaupata wapi? Nitalijibu, ila kwa ufupi, maana kuna swali jingine ambalo hawaniulizi, na hilo ndilo liliwahi kuniumiza.

Muda kwanza. Usiandike usiku baada ya kusahihisha. Ukishasoma insha 45 za mada moja, sikio lako limechoka, na sentensi zako zinaanza kufanana na zile ulizotoka kuzipigia mstari mwekundu. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, naandika hadi saa kumi na mbili na nusu, ndipo naingia kwenye ualimu. Wiki ya zamu siandiki. Wakati wa mitihani pia siandiki, na sijilaumu. Kurasa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki, zinatosha kukupa rasimu nzima mwaka ukiisha, hata ukitoa hizo wiki zilizopotea. William Golding alikuwa mwalimu wa shule Salisbury, mji mdogo wa Uingereza, alipoandika riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, na rasimu yake aliiandika kwenye madaftari ya shule. Wachapishaji kadhaa waliikataa kabla haijatoka mwaka 1954, naye akaendelea kufundisha miaka kadhaa baada ya hapo. Namtaja kwa sababu ya yale madaftari. Usisubiri meza nzuri wala chumba cha peke yako.

Sasa lile swali jingine. Unachokisoma kwenye daftari la mwanafunzi, je, ni chako?

Mwaka wangu wa sita kazini niliwapa wanafunzi wangu insha iitwayo "Siku nisiyoisahau". Msichana mmoja, ambaye sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia darasani, aliandika juu ya siku baba yake aliporudi nyumbani baada ya miaka mitatu. Baba alikaa sebuleni na koti lake mwilini mchana kutwa. Hakulivua hata alipokuwa anakula, na jioni aliondoka tena. Kurasa mbili tu. Nilimpa alama 18 kati ya 20, na chini yake nikaandika: "Asante kwa kuniamini."

Lile koti halikunitoka kichwani. Miezi michache baadaye lilikuwa ndani ya hadithi yangu. Msichana nilimgeuza mvulana, baba akawa mjomba, sebule ikawa baraza. Nikaamini nimeficha. Hadithi ilitoka kwenye jarida, nakala moja ikafika ofisi ya walimu, na kutoka pale ikatembea. Katika jiji kubwa ingezama kimya. Mji mdogo hausomi hadithi ya mwalimu wake ili kuonja lugha. Unasoma ili kujua nani ni nani. Wiki haikwisha, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, hili la koti umelijuaje?"

Nilikuwa na majibu ya kisomi, kwamba hadithi ni ubunifu, kwamba mwandishi huokota popote. Yote yalinikauka mdomoni. Nilimwomba radhi pale pale, na kesho yake nikamwomba radhi binti yake. Akajibu, "Haina neno, mwalimu," kama watoto wenye adabu wanavyojibu. Kuanzia siku hiyo hadi alipomaliza shule aliniandikia insha safi kabisa: umuhimu wa miti, faida za usafi, madhara ya uvivu. Hazikuwa na kosa hata moja, na hazikuwa na mtu ndani. Nilizisahihisha moja baada ya nyingine nikijua nimeharibu nini.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na hapa ndipo nilipofika. Mwandishi anayesikia habari ndani ya basi hana mamlaka yoyote juu ya anayeisema. Mwalimu anayo. Yule mtoto hakuniletea habari ile kwa hiari. Niliiagiza mimi, na asingeiandika angepata sifuri. Kilichotolewa kwa amri ya mwalimu, mwandishi hana haki ya kukipokea kama zawadi.

Kwa hiyo kilichoandikwa kwenye daftari la mwanafunzi sikigusi. Usimwombe ruhusa angali darasani kwako: atakubali, maana alama zake ziko mkononi mwako, na kukubali kwa namna hiyo si kukubali. Akiwa amekwisha kuondoka na ni mtu mzima, muulize, na awe na nafasi ya kukataa bila kueleza sababu. Wala usijidanganye kwamba kubadilisha jina kunaficha. Kinachomtambulisha mtu ni kile kitu kimoja cha pekee, na ndicho hichohicho mwandishi hataki kukiachia. Ukijikuta umebadilisha kila kitu ili ubaki na hicho kimoja, jua umeshika mali ya mtu. Wazazi na walimu wenzako nao wana siri zao, hasa zile unazozisikia kwa kuwa tu uko kazini. Ziache huko.

Utaandika nini basi? Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nimejifunga mikono. Kwangu imekuwa kinyume. Kabla ya hapo nilikuwa naokota. Baada ya hapo nililazimika kubuni, na kurudi kwenye yangu, kwa mfano miwani ya baba yangu iliyofungwa kwa uzi, ambayo nilikuwa nimeikimbia kwa miaka mingi kwa kuwa ilinitia uchungu. Sasa najua kwa nini koti la mtu mwingine lilikuwa rahisi zaidi kwangu.

Tena mwalimu anayeandika ana kitu cha kutoa. Mwaka 1920 Gabriela Mistral alikwenda kuongoza shule ya wasichana Temuco, mji wa kusini mwa Chile. Kijana mmoja wa mji huo aliyekuwa akiandika mashairi alimwendea, naye akampa riwaya za Kirusi asome. Kijana huyo ni Pablo Neruda. Mwalimu alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1945, kijana akaipata mwaka 1971. Tuzo ni zao; mimi huwaza zaidi juu ya vile vitabu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika mji mdogo huenda wewe ndiye mtu pekee ambaye mtoto anaweza kumwonyesha shairi bila kuchekwa. Weka vitabu vyako mahali wanapovifikia, na ukubali kwamba vingine havitarudi. Waonyeshe pia rasimu zako zilizokatwakatwa. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani hadithi hutoka kichwani ikiwa imenyooka, hadi nilipowapitishia ukurasa wangu ambao sentensi tatu tu zilikuwa zimesalimika.

Siku hizi, kabla ya insha ya kwanza ya mwaka, nawaambia darasa maneno mawili matatu. Nitakachosoma humu kinabaki humu, na hakitaingia kwenye hadithi zangu. Anayetaka kuandika jambo asilotaka hata mimi nilisome, akunje ukurasa; nitaweka tiki kwamba ameandika, basi, na atapata alama zake kwa insha nyingine.

Muhula huu kurasa saba zimekuja zimekunjwa, mojawapo imebandikwa gundi pembe zote nne. Nimeziwekea tiki kwa nje na kuwarudishia wenyewe.